Spika Iliyogoma Kuhama

Kuna wanaume ambao Mungu aliwapa sauti kubwa, wakasahau kumwomba na cha kusema. Mume wa Msusi alikuwa wa kwanza kwenye foleni hiyo. Kazi yake ilikuwa kukagua mizani madukani. Aliingia na kisanduku chake cha mawe ya kupimia, akayapanga moja moja juu ya mizani ya mwenye duka, na ikionekana imepunja hata kwa uzito wa punje ya mchele, alimsema yule maskini mbele ya wateja mpaka akatamani ardhi ipasuke immeze. Watu walimwita Mizani, naye jina akalivaa kama cheo. "Mimi sipunji na sipunjwi," alipenda kusema, hata msibani.

Siku ya kuhamia nyumba mpya alisimama mlangoni akiwaelekeza wabeba mizigo kwa kidole. Kabati huku, kitanda kule, Mama pale. Ndiyo, Mama pale. Alimwelekeza mama yake mzazi kwa kidole kilekile, na mama yake hakukiona kwa sababu macho yake yalikwisha kufa siku nyingi. Msusi ndiye aliyetua beseni la vyombo, akamshika mkono mama mkwe wake na kumketisha sebuleni karibu na dirisha.

"Spika yangu iko wapi?" Mama aliuliza hata kabla hajaegemea.

Spika yenyewe ilikuwa kidude cha mviringo, kimevikwa kitambaa cha kijivu, ukubwa wake kama kopo la maziwa. Aliileta binti yake, muuguzi wa nchi za mbali, alipokuja likizo. Alimfundisha mama yake maneno machache ya Kiingereza, akayakariri kama mtoto wa chekechea: ya kuuliza saa, ya kufungulia redio, ya kusomewa habari. Na kila alasiri, binti akitoka zamu, kidude kilitoa mlio mdogo, kisha sauti ya binti ikajaa chumbani bila mtu kubonyeza chochote. Mama alifunga mlango wake, wakaongea mpaka wote wawili wakashiba. Kwa miaka hiyo yote hakuna mtu ndani ya nyumba aliyemsikia akiuliza kama kumekucha. Alikuwa na wa kumuuliza, tena asiyeguna.

Msusi aliichomeka ukutani. Taa ikawaka rangi ya chungwa, ikazunguka, ikazunguka. Mama akauliza saa kwa Kiingereza chake. Sauti ya kike ikajibu kwa adabu zote kwamba haipati mtandao. Akauliza tena, polepole, kama vile kosa lilikuwa la matamshi yake. Ikajibu vilevile.

"Nyumba mpya, kampuni mpya ya intaneti," Mizani alitangaza. "Haiijui ruta hii. Jambo dogo hilo, Mama. Dakika mbili tu. Nitaiunganisha kesho."

Msusi alikuwa ameishi na kesho za mumewe muda wa kutosha kujua urefu wake.

Kesho ya kwanza Mizani alikuwa na kazi. Kesho ya pili alikuwa na uchovu wa kazi. Kesho ya tatu aliikalia spika kitako mbele ya televisheni, akaibonya kila mahali palipobonyeka, akaitikisa, akaipuliza, mwisho akasema vitu vya siku hizi havina ubora. Simu yake ilikuwa mpya, ameinunua ya kuhamia nayo, na alipojaribu kuiunganisha kwa simu hiyo spika ikakataa katakata. Ilikuwa imesajiliwa kwa jina la dada yake. Haikutaka bwana mwingine mpaka yule wa kwanza aiachie.

Huku nyuma Mama alikuwa anajifunza nyumba upya kwa viganja. Kule walikotoka alijua kila kizingiti. Huku kuta zilikuwa zinaanza na kuisha mahali asipotarajia, akawa anatembea kama mtu anayevuka mto usiku. Lakini si kuta zilizomwumiza. Kuta alizizoea upesi. Kilichomwumiza kilikuwa kuuliza.

"Mwanangu, saa ngapi sasa?"

"Saa tisa, Mama."

"Ya mchana?"

"Ya mchana."

Msusi alikuwa anatoka saluni miguu imevimba, vidole vimekakamaa kwa kusuka tangu asubuhi, anaingia moja kwa moja jikoni. Na jioni moja, mafuta yanachemka, kitunguu kinaungua, simu inaita, Mama akauliza kwa mara ambayo sijui ilikuwa ya ngapi. Msusi akaguna. Lilikuwa guno dogo, hata paka asingelijali. Kisha akajibu vizuri tu, tena kwa sauti ya upole.

Lakini Mama alikuwa amelisikia. Tangu jioni hiyo hakumuuliza tena. Akawa anakaa dirishani akikisia saa kwa joto la jua usoni na kwa kelele za watoto wa shule wakipita. Siku ya mawingu, siku ya mapumziko, alikuwa hana saa kabisa. Msusi alimwona, akaona aibu, na akashindwa kupata neno la kuomba msamaha kwa kosa ambalo halina hata jina.

Ndipo siku moja magharibi Mizani akaja na wenzake wawili wa kazini kuwaonyesha nyumba. Walikuwa sebuleni wanasifia madirisha, mlango wa Mama ukafunguka. Ametoka kuoga. Amevaa kanga safi, amefunga kilemba vizuri, na masikioni ametia hereni zake.

"Mmeamkaje, wanangu?" alisema kwa uchangamfu. "Chai tayari?"

Mmoja wa wageni akashindwa kujizuia, akacheka. Mizani akamsaidia kucheka, tena akamzidi. "Msimshangae. Mama yangu ana saa zake mwenyewe! Nyie mnakwenda kulala, yeye kwake jogoo ndiyo anawika."

Mama akasimama pale, kiganja kimeshika ukuta. Akatabasamu mahali pasipo na mtu. "Basi nimewahi," alisema, akageuka, akaupapasa mlango wake, akaingia. Msusi alimfuata akamkuta kitandani anazivua hereni. Alizishika mkononi muda mrefu, kama anapima ni ipi ya kulia na ni ipi ya kushoto.

"Nitaleta fundi," Msusi alisema. "Hata kama ni kwa fedha yangu ya kusukia."

"Usigombane na mumeo kwa ajili yangu."

"Sigombani naye, Mama. Nitamwita tu fundi."

Binti aliendelea kupiga, lakini sasa alipiga simu ya kaka yake. Mizani aliiweka sauti ya juu, akaishikilia mbele ya uso wa mama yake kama mwandishi wa habari, huku mkono wa pili ukiendelea na sahani ya chakula.

"Mama, hujambo?"

"Sijambo, mwanangu."

"Unalala vizuri?"

"Nalala."

"Sema basi, Mama," Mizani alihimiza huku anatafuna. "Chaji inakwisha."

Yale Mama aliyokuwa akimwambia bintiye nyuma ya mlango uliofungwa hayakuwa ya kusemwa mbele ya mdomo unaotafuna. Akasema kila kitu kizuri. Nyumba nzuri, hewa nzuri, watu wazuri. Binti hakuwa mjinga. Akaomba apewe Msusi.

"Wifi yangu, niambie kweli. Mama ana nini?"

"Hana saa," Msusi alisema, na hapohapo akaona jinsi lilivyo neno la kipuuzi kwa mtu aliye mbali. Akatoka nje na simu, akaeleza yote, la kilemba na hereni pia. Kule upande wa pili binti akapenga kamasi.

Akataka kuiachia ile spika kutoka kule aliko. Lakini akaunti alikuwa ameifungua kwa laini ya simu aliyonunua wakati wa likizo, na kila alipojaribu kuingia, namba za uthibitisho zilitumwa kwenye laini hiyo, ambayo ilikwisha kufungwa kwa kutotumika. "Nimeufunga mlango kisha nikatupa ufunguo baharini," alisema kwa uchungu. "Mwite fundi, wifi. Huenda kuna njia."

Fundi alikuja Jumamosi, mtu mzima mwenye kitambi kidogo na haraka nyingi. Aliwaambia tangu mlangoni kwamba ana wateja wengine wanamsubiri. Akaigeuza spika juu chini, akasikiliza habari za akaunti, akatikisa kichwa.

"Kuisajili upya haiwezekani mpaka mwenyewe aiachie. Lakini njia ipo, tena rahisi kama kunywa maji. Hii ruta mpya tutaipa jina la mtandao wenu wa zamani, na paswedi ileile ya zamani. Spika haina macho, bosi. Ikikuta jina ni lilelile na paswedi ni ileile, itajua iko nyumbani kwake, itaingia yenyewe."

Mama, dirishani kwake, akainua uso. Msusi akapiga makofi.

"Mtandao wa zamani uliitwaje?" Fundi aliuliza, kidole kiko tayari juu ya simu yake.

"Nyumba ya Mizani," alijibu Msusi. "Yote yameshikana."

"Na paswedi?"

Msusi akamgeukia mumewe. Hakuijua. Kwa miaka yote waliyokaa kule hakuna aliyeijua. Mgeni akiomba, Mizani alikuwa anasema "lete simu," anageuka upande, anaandika mwenyewe, anarudisha simu kwa madaha ya meneja wa benki. Hata simu ya mkewe aliiandikia yeye. Watu walidhani ni uangalifu wa mtu wa serikali.

"Nimeisahau," Mizani alisema.

"Si kitu, labda imebaki kwenye simu ya mkeo hapa," Fundi alisema, akaipokea simu ya Msusi, akachokonoa. "Imo. Ila simu ni ya kizamani, inaonyesha nukta tu." Akamwonyesha Msusi mstari wa nukta nyeusi. "Paswedi ndefu hiyo, bosi. Mtu hasahau kitu kirefu hivyo. Jaribu kukumbuka."

Mizani alikuwa ametoa leso anajifuta shingo, na hakukuwa na joto. "Paswedi si kitu cha kutangaza mbele ya watu."

"Basi andika mwenyewe, mimi nitatazama ukuta."

"Kwani haiwezekani njia nyingine? Tununue spika nyingine. Nitanunua."

Hapo Msusi alijua kuna jambo. Mizani aliyehesabu njiti za kiberiti leo anataka kununua spika! Akamwomba mumewe waingie jikoni kidogo. Akafunga mlango.

"Ni jina la nani?"

"Jina gani?"

"Usinifanye mtoto. Humo ndani umeandika jina la mwanamke. Ndiyo maana miaka yote unageuka upande kama mtu anayekojoa njiani. Ni nani?"

Kisha Msusi aliona kitu ambacho baadaye, alipokuja kukifikiria, ndicho kilichomkera kuliko vyote: alimwona mumewe anatulia. Mabega yake yakashuka, uso ukapata hata chembe ya majivuno.

"Mambo ya zamani hayo, mke wangu," alisema kwa sauti ya chini. "Nilikwisha yaacha. Ujana."

Ujana! Na alikuwa na mvi wakati intaneti inaingia nyumbani. Msusi akashika ukingo wa karo. Aliwaza kila nywele aliyoisuka ili mtu huyu avae shati lililopigwa pasi. Alitaka kulia, na machozi yakaja, na akayachukia. Kisha akakumbuka zile hereni mkononi mwa Mama. Akajifuta uso kwa upande wa nyuma wa mkono.

"Twende ukaandike," alisema. "Andika jina la hawara wako, Mama apate kujua saa. Mimi na wewe tutaongea baadaye."

Wakarudi sebuleni. Fundi, ambaye amekwisha kuona mengi katika nyumba za watu, alikuwa anaitazama dari. Mizani akaipokea simu ya Fundi, akaifunika kwa kiganja, akaandika. Wakasubiri. Taa ya spika ikazunguka na rangi yake ya chungwa. Wakasubiri tena.

"Sio yenyewe," Fundi alisema. "Hata simu ya mkeo haijaingia."

Akaandika mara ya pili, midomo yake inacheza bila sauti. Ikakataa. Ya tatu ikakataa. Sasa jasho lilikuwa jasho kweli.

"Ruta yenyewe mbovu," Mizani alisema. "Na wewe fundi, nina wasiwasi na ujuzi wako. Ungekuwa mwenye duka ningekufungia."

"Mficha uchi hazai, bosi," Fundi alijibu bila kukasirika, akaanza kukusanya vifaa vyake. "Ungenitajia tungekwisha kumaliza. Mkiikumbuka mtanipigia."

Msusi alimwangalia mama mkwe wake. Mama alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, uso ameuelekeza pale sauti ya mwanawe ilipotoka.

"Umekosea mwaka," Mama alisema.

Fundi akaacha mkoba wazi.

"Unaweka mwaka gani pale mwisho?" Mama akaendelea. "Bila shaka hofu imekuchanganya, unaweka kumi na tisa. Mimi sikuja kwako mwaka huo. Nilikuja mwaka mmoja kabla, mvua zinaanza. Nilikuja kwa wiki mbili za matibabu ya macho."

"Mama," Mizani alisema, na kwa mara ya kwanza tangu Msusi amjue, sauti yake ilitoka ndogo. "Mama, hujui tunaongea nini. Pumzika."

"Mkwe wangu uko wapi? Usilie, mwanangu. Nimewasikia, mlango wa jikoni ni mwepesi. Ni kweli humo ndani kuna mwanamke. Lakini mwanamke mwenyewe ni mimi."

Akageuza uso kidogo kutafuta upande wa Fundi.

"Andika, baba. Mama, herufi ya kwanza kubwa. Ataondoka, nayo kubwa. Lini, kubwa. Halafu elfu mbili kumi na nane. Yote yameshikana. Alama ya kuuliza hakuweka."

Fundi hakuandika. Alimtazama Mizani, akamtazama Msusi, akatazama sakafu.

"Andika," Mama alirudia. "Una wateja wanakusubiri."

"Ulijuaje?" Msusi aliuliza.

"Alikuwa anamsomea rafiki yake pale dirishani kwangu, herufi moja moja, wanacheka. Mimi nipo kitandani na bandeji machoni. Watu wakijua huoni, hudhani na masikio umeyafunga." Alisema hivyo bila uchungu wowote uliosikika, kama anaeleza njia ya kwenda sokoni, kisha akamgeukia mwanawe. "Nilidhani ukishazoea utaiondoa. Kila mgeni akija nasikiliza. Unasema lete simu, nami najua bado ipo."

Fundi akaandika. Alibonyeza kwa ncha ya kidole, kama anayegusa kitu cha moto. Simu ya Msusi ikalia mkononi mwake, ikaingia yenyewe. Miaka yote alikuwa akitembea nayo maneno hayo saluni, sokoni, kitandani, amelala nayo chini ya mto. Kisha taa ya chungwa ikaacha kuzunguka, ikawa ya bluu, ikatulia. Kidude kikatoa mlio wake mdogo. Fundi akafunga mkoba, akasema malipo wataongea siku nyingine, akaondoka bila kuomba hata maji.

Mizani alikuwa bado amesimama katikati ya sebule. Mkaguzi wa mizani za watu! Alitafuta pa kuweka mikono, akaikosa mifuko.

"Mama, ulikuwa utani. Utani wa wanaume, unajua. Sikuwa na maana yoyote. Mke wangu, mwambie."

Msusi alikuwa anafikiri kwamba pale jikoni mumewe aliona afadhali aitwe mzinzi, na kwamba alikuwa sahihi, maana hilo mkewe angeweza siku moja kulisamehe.

"Nitaibadilisha," Mizani alisema, akapiga magoti mbele ya kiti, akaitoa simu yake mpya. "Sasa hivi, mbele yako. Nitaweka jina lako, Mama. Nitaandika Mama Nakupenda. Msusi, menyu yake inaingiliwa wapi? Nitaibadilisha sasa hivi."

Mama akanyoosha mkono, akapapasa mpaka akakipata kichwa cha mwanawe. Akakishika hapo. Mizani akafumba macho kama anayengoja baraka.

"Usiguse kitu," Mama alisema. "Ukibadilisha itazima tena, na mimi nataka kujua saa."